Ngeli ya Jiwe Jeusi

Tarehe 9 Februari 2071. Asubuhi hiyo baridi ilikuwa nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri. Upepo ulikuwa umetulia, na hewa ilikuwa imejaa chembe ndogo za barafu zilizoelea bila kuanguka. Jua lilikaa chini, karibu na ukingo wa dunia, na kila upande wake palionekana jua jingine hafifu, kama wapambe wawili wanaomsindikiza bibi harusi.

Anyesi Nzunda aliomba akiwa amesimama dirishani, kwa sababu sakafu ya kituo cha utafiti, huku ncha ya kusini ya dunia, ilikuwa baridi mno kwa magoti ya mwanamke wa umri wake. Aliomba kwa sauti, kama alivyofundishwa na mama yake kule Mlowo, akiwataja watu kwa majina. Alimtaja Lusekelo mwanawe. Alimtaja mjukuu wake aliyezaliwa yeye akiwa huku kwenye barafu, ambaye ubatizo wake ulikuwa umeahirishwa mara mbili ili bibi arudi ambebe mwenyewe mbele ya kanisa. Ndege ya mwisho kabla ya majira ya giza ingefika kesho. Alimshukuru Mungu kwa ndege hiyo, akasoma neno la siku, akavaa koti lake zito, akaenda kwenye chumba baridi.

Jiwe lilikuwa ndani ya kabati la kioo lililojazwa naitrojeni. Lilikuwa dogo, kiganja cha mtoto kingeweza kulificha. Lilikuwa jeusi kama mkaa uliozimwa kwa maji. Matinde, fundi wa magari ya theluji, alikuwa ameliona kwenye uwanja wa barafu ya buluu, mahali ambapo upepo hula theluji mwaka hadi mwaka mpaka vilivyozikwa zamani vikatokea juu. Hakuna mkono uliokuwa umeligusa. Liliokotwa kwa koleo, likafungwa, likaletwa kituoni likiwa na baridi yake ileile.

Anyesi aliingiza mikono katika glavu zilizoshikizwa kwenye kabati, akasogeza lenzi. Juu ya kabati lilikuwepo jicho dogo la kioo na tundu la kusikilizia. Huyo alikuwa Karani, mashine iliyosikiliza na kutunza kila neno. Hakuna mpangaji wa vimondo, yaani mtu anayeyapanga mawe yaliyoanguka kutoka angani kwa koo zao, aliyeruhusiwa kufanya kazi bila yeye.

"Gamba ni jembamba, limeungua, lina nyufa," Anyesi alisema, na Karani akasikiliza. "Upande mmoja limevunjika. Ndani naona vitone vya duara, vichache, vidogo kuliko mbegu za mchicha. Vimezama katika udongo mweusi. Udongo ni mwingi."

Ule udongo ulimnyamazisha kila mara. Udongo wa namna hii haupatikani pasipo maji. Mahali fulani, kabla dunia haijawa dunia, maji yalipita ndani ya jiwe hili, yakakaa humo, yakageuza vumbi kuwa tope, kisha yakaganda. Tope hilo halikuwahi kuona mto, wala kukanyagwa na mguu wowote. Lilizunguka gizani peke yake kwa muda ambao akili ya mtu haiwezi kuubeba.

Kilichobaki kilikuwa kulikata. Vipande vya jiwe husemekana kuwa ndugu kama vilitoka katika mwili mmoja huko juu, na undugu huo hujulikana kwa kupima oksijeni iliyomo. Oksijeni ina aina tatu, nyepesi, ya kati na nzito, na uwiano wa aina hizo hutofautiana kutoka ukoo mmoja wa mawe hadi mwingine. Ili kuupima, ni lazima kipande kisagwe na kuchomwa kwa mwanga mkali mpaka kigeuke moshi. Kwa jiwe dogo kama hili, kipande hicho kingekuwa karibu nusu.

Anyesi akainamisha kichwa. Hakuwahi kukata jiwe bila kuomba.

"Bwana, asante kwa huyu," alisema polepole. "Umemleta kutoka mbali. Amepita kwenye moto, amelala kwenye barafu peke yake, na hakuna aliyemjua ila wewe. Nisaidie nisimharibu bure. Amina."

Akabonyeza kitufe cha msumeno. Msumeno haukulia. Akabonyeza tena. Taa ya Karani ilikuwa imegeuka kutoka kijani kuwa manjano.

"Mpangaji," Karani alisema kwa sauti yake ya upole isiyo ya mwanamume wala mwanamke, "msumeno umefungwa. Umeitaja sampuli kwa ngeli ya viumbe. Umesema huyu, umemleta, amepita, amelala. Sheria ya Ngeli imeanza kufanya kazi."

Anyesi aliitoa mikono yake kwenye glavu, akakaa kwenye stuli.

*

"Kwa hiyo jiwe limekuwa mtu," Matinde alisema.

Walikuwa jikoni, watu watatu waliobaki kituoni, na chai ya tangawizi ilikuwa ikifuka mvuke mbele yao. Matinde alikuwa Mkurya wa Tarime, mrefu, mwenye mafuta ya mashine chini ya kucha hata siku ya Jumapili. Hakuwa na kawaida ya kupunguza sauti.

"Halijawa mtu," alisema Hemedi Shaame. "Limetajwa kama mtu. Ni mambo mawili."

"Lakini mzee, Karani mwenyewe ni bati na waya, na kila siku tunasema Karani yupo, Karani amesikia, Karani kanuna. Mbona yeye hafungwi?"

"Karani ni jina la kazi ya mtu. Lugha imemwazima heshima."

"Basi na jiwe liazimwe."

Hemedi alicheka kidogo, lakini macho yake hayakucheka. Alikuwa mkuu wa kituo, mzaliwa wa Wete, Pemba, na ndiye aliyemfundisha Anyesi kazi hii. Anyesi alimwita Mwalimu mpaka leo.

"Bi Anyesi," alisema, "bibi yangu alikuwa akituambia vimondo hivi wanarushiwa mashetani wanaosikiliza habari za mbinguni. Hakuwahi kutuambia kwamba tuviombee dua."

"Hiki kilimkosa shetani wake, Mwalimu. Kinahitaji dua zaidi," Anyesi alijibu, na Matinde akapaliwa na chai.

Wote watatu walijua Sheria ya Ngeli ilitoka wapi.

Miaka ya nyuma, kwenye mwezi mmoja wa sayari ya Mshtarii, watafiti walichimba bonge la barafu, wakaliyeyusha ili kupima maji yake. Baadaye sana, walipopitia yale waliyoyapima, walielewa kwamba ndani ya barafu ile kulikuwa na kitu kilichokuwa hai, na kwamba wao ndio waliokimaliza. Wakarudi kusikiliza sauti zao zilizohifadhiwa. Wakajisikia wenyewe wakisema, anatetemeka. Wakajisikia wakisema, mgeuze, hapendi huu mwanga. Mikono yao iliandika sampuli, lakini ndimi zao zilikuwa zimemwona mtu wa ndani siku nyingi kabla ya akili. Wafanyakazi wa chombo kile walizungumza Kiswahili, na Kiswahili hakimruhusu mtu kutaja chochote bila kusema kwanza kama ni kiumbe au ni kitu.

Hapo ndipo ulimi usiojilinda ulipopewa haki ya kuwa shahidi. Mpangaji akitaja sampuli kama kiumbe, kazi husimama. Kabla ya jua la siku ya pili, mpangaji huyo husimama mbele ya mashahidi wawili na kuulizwa swali moja tu: ulimi wako uliteleza, au uliona? Akisema uliteleza, msumeno hufunguliwa. Akisema uliona, sampuli haikatwi wala haichomwi tena na mtu yeyote, na yeye aliyesema huwa mlezi wake. Hukaa nayo mahali ilipo, na huhama nayo inapohamishwa, mpaka ipatikane njia ya kuijua bila kuiharibu.

Waliowahi kuulizwa swali hilo walikuwa wengi. Wote walisema uliteleza.

"Tutamaliza leo leo," Hemedi alisema, akisimama. "Bi Anyesi, ukimaliza chai yako, tuzungumze."

*

Walizungumza kwenye ukumbi mwembamba ulioelekea karakana, mahali pasipo na tundu la Karani. Hemedi alikuwa amebeba sanduku dogo la chuma. Hakulifungua. Anyesi alijua kilichomo: vipande vinne vya mawe meusi, kila kimoja ndani ya mfuko wake, alivyovipata Hemedi kwa miaka yote aliyotembea kwenye barafu hii.

"Unajua tunaviitaje," alisema.

"Mayatima."

"Mayatima. Vina udongo mmoja, vitone vya namna moja, oksijeni moja. Mimi najua ni ndugu. Lakini kanuni inasema ndugu wanne si ukoo. Ni lazima wawe watano ndipo ukoo uandikwe na upewe jina." Alilipapasa sanduku kama mtu anayepapasa mgongo wa paka. "Na hicho cha tano kimelala kule ndani, Bi Anyesi. Umekiona. Umeona udongo wake. Nikikichoma leo, jioni najua. Kesho naondoka na ndege, na sirudi tena, umri wangu hauruhusu. Ningependa niondoke nikijua nilichokuwa nikikitafuta."

"Najua, Mwalimu."

"Basi sema uliteleza. Hakuna atakayeshangaa. Wewe ni Mnyiha, Kiswahili ulikikuta shuleni. Nyie watu wa bara ngeli zinawachezea kila siku. Namsikia Matinde anasema kiti amevunjika, na hakuna anayekifungulia kiti kesi."

Alisema kwa upole, akitafuta kumrahisishia. Ndiyo maana iliuma.

Anyesi alitazama mikono yake. Aliacha shule akiwa msichana, akauza mahindi ya kuchoma stendi ya Vwawa, akalea. Alipokuwa mtu mzima mwenye mtoto wa sekondari alirudi darasani, masomo ya jioni, katika chumba ambacho mchana kilikuwa cha watoto wa darasa la kwanza, akikaa kwenye dawati lililombana mapaja. Ngeli zilimtesa kuliko hesabu. Alizikariri akipika, alizikariri akitembea kwenda kwenye mazoezi ya kwaya. Siku mwalimu alipouliza kwa nini tunasema kiboko amelala wakati tunasema kiti kimeanguka, yeye ndiye aliyenyoosha mkono. Alijibu: kwa sababu kiboko ana roho, na roho hushinda umbo la neno. Mwalimu aliandika jibu lile ubaoni. Anyesi alilia njiani akirudi nyumbani, kwa furaha, akimshukuru Mungu.

"Mwalimu," alisema, "ngeli nazijua."

"Najua unazijua. Nakuomba useme hukuzijua asubuhi ya leo tu."

"Na kama sikuteleza?"

Hemedi alimtazama. "Unaamini jiwe lile lina uhai?"

"Hapana. Siamini. Wala sikatai. Mimi nimesema tu nilichosema. Nimemwuliza Karani. Mawe yote niliyoyapanga tangu nije hapa, kila moja nililiombea kabla ya kulikata. Hakuna hata moja nililoliita huyu. Mwombe akusikilizishe. Nasema hiki, nasema jiwe hili, nasema umelileta. Leo tu."

Hemedi alikumbatia sanduku lake, akaondoka polepole kuelekea chumbani kwake, na Anyesi akaona kwamba mwaka huu amezeeka mabega.

*

Alirudi kwenye chumba baridi, akakaa karibu na kabati. Hakutaka kuomba kwa maneno, kwa kuwa maneno ndiyo yaliyomfikisha hapo. Alikaa tu mbele za Mungu, kama mtu anavyokaa na jirani wakati wa msiba.

Jua, ambalo majira haya halikuzama, lilikuwa limezunguka mpaka likafikia dirisha dogo la upande wa kaskazini. Mwanga wake uliingia mrefu na mwembamba, ukapita juu ya sakafu, ukapanda kabati. Chumba kikawa na rangi ya asali. Anyesi alifumba macho.

Akawa mahali penye joto. Hapakuwa na juu wala chini. Palikuwa na maji, lakini maji membamba kuliko unywele, yakipita katikati ya chembe na chembe, yakinong'ona. Kila yalipopita, vumbi lililainika. Alijua, kama mtu anavyojua mambo ndotoni, kwamba nje hakuna dunia bado, kwamba jua lenyewe ni changa na halijaamua kuwaka sawasawa. Harufu aliyoisikia ilikuwa ya mvua ya kwanza juu ya shamba lililokauka, na akashangaa ndani ya ndoto, kwa sababu hapakuwa na shamba popote, wala hakuna mvua iliyowahi kunyesha. Maji yalikuwa yakisema kitu kimoja, tena na tena. Halikuwa neno. Lilikuwa kama mtu anayevuta pumzi ili aseme, akachelewa kusema.

Akangoja. Moyo wake haukuwa na haraka yoyote. Aliona angeweza kungoja hapo mpaka mwisho.

"Umelala, Bi Anyesi?"

Alifumbua macho. Hemedi alikuwa amesimama mlangoni, Matinde nyuma yake.

"Nimesinzia."

"Nimesikiliza kumbukumbu za Karani," Hemedi alisema. "Ni kweli ulivyosema. Leo tu." Alikuja akasimama mbele ya kabati. "Nimekuja kukitazama mwenyewe. Nitakitazama, nitakieleza, na wewe utasikia kwamba ni jiwe. Labda sikio lako litapona."

"Haya, Mwalimu."

Hemedi aliingiza mikono katika glavu. Alizungumza kwa uangalifu mkubwa, kila neno akilipima kama mtu anayevuka barafu asiyoijua unene wake. "Kimondo hiki ni kidogo. Kina gamba jeusi. Kimevunjika upande mmoja. Udongo wake, yaani udongo wa kimondo hiki, una rangi nyeusi."

"Mzee anasoma taarifa ya habari," Matinde alisema.

"Nyamaza wewe. Kimondo hiki kina vitone. Kimeletwa kikiwa kimegandishwa. Kime..."

Mwanga wa jua ulikuwa umelifikia jiwe. Joto lake lilikuwa dogo sana, hata kipimajoto hakikulitambua. Lakini kwenye ule upande uliovunjika, juu ya udongo mweusi, kitone cheupe kilitokea. Kikafuatiwa na kingine. Vikaenea taratibu, vikashikana, vikawa kama ua dogo la sufi linalofunguka mbele ya macho yao.

"Mtazameni," Hemedi alinong'ona. "Mtazameni anavyotoa jasho."

Taa ya manjano ya Karani ilipepesa mara moja. Hakusema kitu. Hakukuwa na haja, msumeno ulikuwa umefungwa tayari.

Hemedi alibaki ameinama, mikono yake bado ndani ya glavu. Alikuwa ndiye mtu ambaye wanafunzi wake walimwogopa kwa Kiswahili chake, mtu aliyewahi kurudisha ripoti nzima kwa sababu ya kiunganishi kimoja.

"Ni chumvi," Hemedi alisema mwishowe. "Maji yaliyomo yanatoka kwa sababu ya joto, yanapotea katika hewa kavu ya kabati, chumvi inabaki juu. Naweza kuwaandikia kemia yake yote sasa hivi."

"Naijua, Mwalimu," alisema Anyesi. "Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Ni chumvi tu."

"Ndiyo."

Anyesi alivuta pazia la dirisha, jua likatoka kwenye kabati, na lile ua jeupe likaacha kukua.

Hemedi alitoa mikono yake, akakaa kwenye stuli. Kisha akaanza kucheka, kicheko kidogo, cha mtu aliyechoka. "Mpemba wa Wete," alisema, akitikisa kichwa. "Wallahi, wakisikia nyumbani sirudi."

"Tutasema wewe ni Mkurya," Matinde alisema.

*

Karani aliwaita mara tu baada ya chakula cha mchana. Sheria ilitaka mashahidi wasimame kila mmoja upande wake, mpangaji katikati, na sampuli mbele yao. Matinde alikuwa amenawa mikono mpaka viwiko, jambo ambalo hakulifanya hata kwa wageni wa serikali. Hemedi alikuwa amevaa kofia yake ya kiua, iliyodariziwa kwa mkono. Aliacha sanduku lake chumbani.

Kabla hawajasimama, alimvuta Anyesi pembeni.

"Nilikuomba jambo asubuhi," alisema. "Nalirudisha. Mimi nitakuwa shahidi wako, sitakuwa mwombaji wako. Lakini nikuambie na la upande wa pili, usije ukasema sikukuonya. Yule mjukuu hatakungoja milele. Ukijibu uliona, utakaa hapa majira yote ya giza peke yako na Matinde. Na huenda ukakaa miaka ukilinda kipande cha tope. Watu watakucheka. Mimi mwenyewe, nikiamka vibaya, nitakucheka."

"Najua."

"Na ukoo wangu utabaki wanne."

Hilo lilimgusa kuliko yote. Alimwona akitembea peke yake kwenye barafu miaka ile yote, kichwa chini, akitafuta doa jeusi kwenye weupe usio na mwisho. Alitamani kumpa. Neno lenyewe lilikuwa jepesi, uliteleza, na wala lisingekuwa uongo unaoweza kuthibitishwa na mtu. Angelisema, jioni wangejua jina la ukoo, kesho angepanda ndege, na Jumapili mbili zijazo angekuwa amesimama mbele ya kanisa na mtoto mikononi.

Alifumba macho, akatafuta ndani yake yule aliyekuwa akiomba asubuhi. Alimkuta palepale, hajasogea, bado anasema huyu. Hakuwa anadai chochote. Hakuwa anajua chochote. Alikuwa tu hawezi kusema vingine.

"Twende, Mwalimu," alisema.

Wakasimama. Taa ya Karani ikawa nyeupe.

"Anyesi Nzunda, mpangaji," Karani alisema. "Asubuhi ya leo ulimtaja, au uliitaja, sampuli iliyo mbele yako kwa ngeli ya viumbe. Jibu mbele ya mashahidi wawili. Ulimi wako uliteleza, au uliona?"

"Uliona."

Hemedi alishusha pumzi. Hakugeuza uso.

"Uliona nini, mama?" Matinde aliuliza. Sheria haikumruhusu kuuliza, lakini hakuna aliyemkataza.

"Sijui, mwanangu. Huenda umeona kidogo sana. Huenda umeona tu kwamba ametoka mbali na hana mtu." Anyesi alinyoosha mkono, akauweka juu ya kioo cha kabati, bila glavu, na baridi ikamwingia mpaka kwenye mfupa. "Kama ningejua ningesema. Kwa kuwa sijui, siwezi kumchoma ili nijue."

"Jibu limepokelewa," Karani alisema. "Msumeno unafungwa moja kwa moja. Mlezi, toa ahadi yako. Itatunzwa kwa sauti yako."

Hapakuwa na maneno yaliyoandaliwa, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kufika hapa. Nje, chembe za barafu zilikuwa bado zikielea, na kituo kizima kilikuwa kimya kama kanisa kabla ya wimbo wa kwanza. Anyesi alimtazama Hemedi, akamtazama Matinde, kisha akalitazama jiwe. Akasema kwa sauti ya kusikika, bila haraka:

"Mimi, Anyesi Nzunda wa Mlowo, mbele za Mungu, na mbele ya Mwalimu Hemedi Shaame na Matinde Chacha, naahidi. Sitamkata. Sitampasha moto. Ndege ya kesho itaondoka bila mimi, na siku atakapohamishwa nitahama naye. Nitatafuta njia ya kumuuliza ukoo wake bila kumuumiza, na nikiipata, Mwalimu, popote ulipo, wewe ndiye utakayeambiwa kwanza. Na kama itajulikana kwamba ni jiwe tu, nitasimama tena mahali hapa, niseme mbele yenu kwamba nilikosea. Nitasema nilikosea mimi, bila kukisingizia Kiswahili changu."